Baridi Yetu ni Mvua: Uwanja wa Gofu wa Uganda Unavyoandaliwa Kabla ya Masika

Chukua kisu kirefu, piga magoti kwenye grini wiki moja baada ya mvua kubwa, kata kipande cha udongo chenye unene wa vidole viwili na kina cha shubiri moja, kisha ukitoe polepole kisivunjike. Grini ni ile sehemu ya nyasi fupi kabisa inayozunguka shimo. Ukiona kipande kina rangi moja kutoka juu hadi chini, na mizizi myeupe inaning'inia kama nyuzi, grini yako ni nzima. Ukikuta mstari mweusi umepita katikati, na harufu ya yai viza ikakupanda puani, grini hiyo inakufa, hata kama juu yake nyasi bado zinang'aa.

Nilianza kazi hii nikiwa kedi, nikibeba mifuko ya wachezaji, kabla ya kuhamia upande wa wanaotunza uwanja. Mstari ule mweusi nilionyeshwa mwaka wangu wa kwanza, na tangu siku hiyo siamini tena rangi ya nyasi. Wachezaji wengi huiamini. Wanafika mwezi wa Aprili, wanakuta kila kitu kimestawi, halafu wanaambiwa leo hakuna kucheza. Wanakasirika, na siwalaumu, maana hakuna aliyewaeleza. Nitajaribu kueleza hapa.

Miongozo mingi ya kazi yetu imeandikwa Uingereza na Marekani, na ina kurasa nyingi zinazohusu majira ya baridi. Kijana anayeanza kazi Entebbe au Mbarara huziruka kurasa hizo. Theluji ya Uganda iko kileleni mwa Ruwenzori, na huko hakuna mtu anayecheza gofu. Lakini kurasa hizo anazoziruka ndizo zingemfaa kuliko zote, mradi aelewe kwanza ni kitu gani hasa kinachoogopwa kule kwenye baridi.

Hofu yenyewe si baridi. Nyasi za viwanja vya Uingereza zimezoea baridi. Tatizo ni kwamba joto la udongo likishuka chini ya nyuzi 6 hivi, nyasi huacha kukua, nao watu hawaachi kucheza. Kila mchezaji akipiga mpira kutoka kwenye feawei, yaani ule uwanda wa nyasi fupi kati ya mahali pa kuanzia na grini, anang'oa kipande cha nyasi. Kila unyayo unagandamiza udongo kidogo. Wakati wa joto majeraha hayo hupona baada ya siku chache. Wakati wa baridi hayaponi, yanarundikana moja juu ya jingine hadi miezi ya joto irudi. Asubuhi za jalidi, yaani umande ulioganda, ni mbaya zaidi. Maji yaliyomo ndani ya jani yameganda, jani limekuwa gumu kama kioo, na ukilikanyaga kuta za seli zake zinapasuka. Wakati ule huoni kitu. Siku mbili baadaye nyayo zako zinatokea nyeusi juu ya grini, moja baada ya nyingine, na kila mtu anajua ulipita wapi.

Kwa hiyo wenzetu hupunguza majeraha. Hufunga uwanja hadi jalidi iyeyuke. Hukata mashimo ya muda pembeni ili grini zenyewe zipumzike. Katika uwanja mkongwe wa St Andrews kule Scotland, miezi ya baridi kila mchezaji hupewa mkeka mdogo wa kuwekea mpira anapopiga kutoka kwenye feawei, ili asing'oe nyasi. Uwanja huohuo kwa kawaida hufungwa Jumapili kwa mwaka mzima, na wenyeji huutembelea kama bustani. Hawa ni watu wanaoujua mchezo huu kuliko sisi sote, na kila wiki wanaupa udongo siku ya mapumziko.

Huko kusini mwa Marekani hadithi inageuka. Kule hutumiwa nyasi za jamii ya Bermuda, ambazo asili yake ni Afrika. Baadhi ya aina maarufu zilizotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, kuanzia miaka ya 1950, zilitokana na kuchanganya nyasi ya Bermuda ya kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Nyasi hizi hupenda jua. Baridi ikiingia hulala na kuwa rangi ya majani makavu, na watunza viwanja hupanda juu yake nyasi ya muda inayovumilia baridi ili uwanja ubaki kijani.

Nyasi za Kampala hazilali. Tuko karibu na Ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto halibadiliki sana kati ya Januari na Julai. Jani linakua mwaka mzima. Basi kwa nini tujali mambo ya baridi? Kwa sababu ya kile kisu na ule mstari mweusi. Sisi pia tuna miezi ambayo uwanja unaumizwa kwa kasi kuliko unavyopona: miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya mvua za pili, Septemba hadi Novemba, kwa upande wa kusini mwa nchi. Kule kinachozuia kupona ni baridi, kwetu ni ukosefu wa hewa.

Udongo mzima si kitu kigumu. Karibu nusu yake ni matundu. Matundu makubwa hupitisha maji na kubaki na hewa, madogo hushika maji ambayo mizizi itayanywa baadaye. Mizizi inapumua kama sisi, inahitaji oksijeni. Udongo ukiwa mkavu, unyayo au gurudumu haviudhuru sana, kwa sababu chembe zake zimeshikana na zinahimili uzito. Ukilowa, hasa huu udongo wetu mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, maji yanakuwa kama mafuta kati ya chembe. Ukikanyaga, zinateleza, zinapangana upya, zinabanana. Matundu makubwa yanatoweka, na hayarudi mvua ikikatika. Mvua inayofuata inakuta njia imezibwa, maji yanasimama, hewa inatolewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanaanza kazi yao. Hao ndio wanaotengeneza ile harufu ya yai viza. Mizizi inafupika, inabaki juu juu kwenye sentimita mbili tatu. Nyasi zinaonekana nzuri kwa sababu maji yapo tele. Kisha kinakuja kiangazi cha Juni, jua linawaka wiki mbili, na grini inakauka kwa mabaka huku watu wakishangaa mbona mwezi uliopita ilipendeza. Ugonjwa uliingia Aprili, Juni umejitokeza tu.

Ndiyo maana kazi ya masika hufanywa kiangazi. Mvua ikishaanza, kilichobaki ni kuzuia madhara yasizidi.

Kazi ya kwanza ni kutoboa. Tunatumia mashine yenye vyuma vilivyo na uwazi ndani kama mirija, vinavyozama sentimita saba hadi kumi na kutoa vipande vidogo vya udongo juu ya grini. Asiye na mashine hutumia uma wa shamba na mikono ya watu, kazi ya siku nyingi lakini inawezekana. Kisha tunazoa vile vipande na kujaza matundu kwa mchanga. Mchanga haubanani kama mfinyanzi, kwa hiyo kila tundu linabaki kuwa bomba la hewa na maji. Nyasi zinahitaji wiki nne hadi sita kufunika matundu vizuri, na ndiyo maana kazi ya kujiandaa kwa Septemba haianzi Septemba. Wachezaji hawapendi grini zenye matundu. Mpira unaruka ruka. Naomba tu wakumbuke kwamba hayo matundu ndiyo pua za grini.

Mchanga nao si mchanga wowote. Nimeona lori zima la mchanga likimwagwa kwenye grini na kuziharibu kwa miaka, kwa sababu ulikuwa na vumbi jingi la udongo. Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtunza uwanja anaweza kukifanya kabla ya kulipa lori. Jaza nusu ya chupa ya kioo kwa mchanga ule, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache hadi kesho yake. Mchanga utatua chini kwanza. Juu yake utaona tabaka laini, kama uji mwembamba wa kahawia. Tabaka hilo likiwa nene kama kidole, rudisha lori. Mchanga wa namna hiyo utaziba matundu yale yale uliyotoboa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu wa kazi hii. Chama cha gofu cha Marekani kilitoa mwaka 1960 utaratibu wa kujenga grini ambao bado unafuatwa sehemu nyingi duniani: sentimita 30 za mchanga uliochanganywa, juu ya sentimita 10 za kokoto, na mabomba chini yake. Mtu husema, kokoto ziko chini ili maji yapite haraka. Si hivyo tu. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, iinue ikiwa imelala. Itadondosha maji, kisha itaacha, ingawa bado imejaa. Sasa isimamishe kwa ubavu. Itaanza kudondosha tena. Maji hushikwa na matundu madogo mpaka uzito wa maji yaliyo juu utoshe kuyasukuma. Mchanga juu ya kokoto hufanya vivyo hivyo: huzuia maji kiasi cha kunywesha mizizi, na mvua kubwa ikija, uzito ukizidi, huyaachia yaliyozidi kwa kasi. Ni tangi na mfereji kwa pamoja. Ndiyo sababu mtu akichimba grini ya namna hiyo na kurudishia udongo wa kawaida mahali pamoja tu, ameharibu mfumo wote wa pale. Grini nyingi za zamani hazikujengwa hivyo. Zilirundikwa kwa udongo wa hapo hapo. Kwa hizo, kutoboa na kuweka mchanga kila msimu ndiyo dawa iliyopo, na inachukua miaka.

Kazi ya pili ni kuhakikisha maji yana pa kwenda. Uwanja wa Uganda Golf Club, klabu iliyoanzishwa 1908, uko Kitante, katika bonde kati ya vilima vya Kololo na Nakasero. Ukisimama pale mvua inaponyesha unaelewa kila kitu. Mapaa, barabara na maegesho ya vilima viwili yanashusha maji yake bondeni. Hayo maji hayakunyesha kwenye uwanja, lakini uwanja ndio unaoyapokea. Kadiri jiji linavyojengwa juu, ndivyo bonde lolote la Kampala linavyopata maji mengi zaidi na kwa haraka zaidi. Entebbe mambo ni tofauti, uwanja unateremka kuelekea ziwani na maji yanakwenda yenyewe, tatizo linakuwa mmomonyoko. Na walio kandokando ya ziwa wana mtihani mwingine: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu 1964. Ziwa likiwa juu ya mdomo wa mfereji wako, hakuna mfereji tena.

Kwa hiyo kiangazi, kabla ya kugusa grini hata moja, nenda mwisho wa kila mfereji. Mwisho kabisa, pale maji yanapotoka nje ya uwanja. Hapo ndipo utakuta kaveera, yaani mifuko ya plastiki, chupa za plastiki, mizizi ya mafunjo na tope la misimu mitatu. Mfereji wa kilomita nzima unaozibwa na kaveera moja kwenye kalavati ni sawa na hakuna mfereji. Safisha kutoka chini kwenda juu. Ukianza juu, unachokisafisha kitakwenda kuziba chini.

Mengine yanakwenda haraka. Wiki tatu hivi kabla ya mvua, punguza mbolea ya naitrojeni. Ukiiweka nyingi, nyasi zitakua laini na ndefu wakati ambao huwezi kuingiza mashine kuzikata, na sehemu kubwa itasombwa na maji hadi ziwani, jambo ambalo Ziwa Victoria halilihitaji. Ongeza potasiamu, inayosaidia mmea kuvumilia shida. Pandisha kimo cha kukata: grini zinazokatwa milimita nne ziache kwenye tano. Milimita moja inaonekana si kitu, lakini jani likiwa refu zaidi linapata mwanga zaidi, na mawingu ya masika hupunguza mwanga ambao nyasi za jamii ya Bermuda zinaupenda mno. Kwa sababu hiyo hiyo, pogoa matawi ya miti upande wa mashariki wa grini. Jua la asubuhi ndilo linalokausha umande.

Umande ninaujali kuliko wenzangu wengi. Kuvu wa magonjwa ya nyasi huhitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi. Katika masika jani hulowa jioni na halikauki hadi saa nne asubuhi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na mwanzi mwembamba wa mita nne hivi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliushika kwa mikono miwili, akaupitisha juu ya grini kulia na kushoto, polepole, kama mtu anayepangusa meza kubwa. Matone yaliyosimama kwenye ncha za majani yalivunjika na kudondoka, na nyuma yake grini ilibadilika kutoka rangi ya fedha kuwa kijani kizito. Dakika kumi kwa grini moja. Mwaka ambao mwanzi ule ulitumika bila kukosa, tulinunua dawa ya kuvu kidogo sana.

Mvua ikishaingia, linabaki swali moja kila asubuhi: kufungua au kutofungua? Kipimo changu ni kisigino. Simama sehemu ya chini kabisa ya feawei, zungusha kisigino kwa uzito wako wote. Maji yakijaa kwenye alama, mashine na vigari havipiti hapo leo. Tope likipanda pembeni ya kiatu, watu pia wasipite. Uwanja unaweza kufunguliwa nusu, kwa waendao kwa miguu tu, kwenye mashimo ya mwinuko. Si lazima iwe yote au hakuna.

Kanuni za mchezo zinasaidia. Klabu inaweza kutangaza kwamba mpira ulio kwenye feawei uokotwe, usafishwe na uwekwe karibu na pale ulipokuwa, ili mchezaji asilazimike kupiga kutoka kwenye tope. Duniani kote wachezaji huziita kanuni za majira ya baridi, nazo zinafaa Aprili ya Jinja sawasawa na Januari ya Scotland. Dimbwi la mvua linaloonekana unaposimama kupiga hukupa nafuu bila adhabu. Na Jinja, ambako viboko walikuwa wakitoka Nile usiku kula nyasi za uwanja, kuna kanuni ya mahali inayojulikana mbali: mpira ukitua katika unyayo wa kiboko, unauinua bila adhabu. Kuhusu radi sina la kuongeza zaidi ya hili: eneo la ziwa letu ni miongoni mwa yenye radi nyingi zaidi duniani, na ukisikia king'ora, weka fimbo ya chuma chini uondoke.

Kufunga kuna gharama, na wanaolipa kwanza ni makedi. Kedi hulipwa kwa mzunguko. Uwanja ukifungwa siku nne, hana kitu siku nne. Nimekuwa huko. Katika klabu moja niliyofanyia kazi, ilinyesha usiku tatu mfululizo kabla ya mashindano ya Jumamosi. Mzee wa mwanzi alishauri yaahirishwe. Wadhamini walikuwa wameshafika, na makedi, nikiwemo mimi, tulikuwa upande wa waliotaka yachezwe.

"Mzee, nyasi zitaota tena," kiongozi mmoja alimwambia.

"Nyasi zitaota, bwana. Udongo ndio hauoti."

Yalichezwa. Trekta la kubeba vinywaji likakata feawei ya saba katikati. Tulijaza mikwaruzo ile mchanga na baada ya mwezi ilifunikwa na nyasi. Lakini kila kiangazi mistari miwili ya manjano ilirudi pale pale, na kila masika mistari miwili ya maji. Mwaka wa tatu tuliifukua yote na kujenga mtaro wa kokoto chini yake, kazi iliyogharimu zaidi ya mapato ya siku ile.

Tangu hapo naamini klabu isiyo na mpango wa makedi haina mpango wa masika. Siku za kufungwa zina kazi: kujaza sehemu zilizong'olewa kwa mchanga na vipandikizi vya nyasi, kurudisha juu mchanga ulioporomoka wa bunka, yaani yale mabonde ya mchanga yaliyowekwa kuwa vizuizi, na kutenga ule uliochanganyika na udongo mwekundu, kuzibua mitaro midogo kwa majembe. Ni kazi za mikono, hazihitaji mashine. Fedha yake itengwe kwenye bajeti ya kiangazi, pamoja na ile ya mchanga na mbolea. Kedi mwenye ujira wa siku hatamsukuma mtu yeyote kufungua uwanja uliolowa, na kwa kuwa yeye ndiye anayetembea kila hatua ya uwanja huo, mara nyingi ndiye wa kwanza kukuonyesha mahali maji yameanza kusimama.

Kwa mvua za Septemba, basi, mitaro ikaguliwe Juni. Grini zitobolewe kuanzia katikati ya Julai, mchanga ukiwa umeshapimwa kwenye chupa. Katikati ya Agosti naitrojeni ipunguzwe na visu vya mashine vipandishwe milimita moja. Wiki ya mwisho ya Agosti, chukua kile kisu kirefu, kata kipande kimoja katika kila grini, na uandike kwenye daftari urefu wa mizizi uliyoikuta.